Mchanga wa Nyuma, Dirham Thelathini

Watu wa Al Qusais wanasema mimi nina mdomo. Sikatai. Ninao, na leo nautumia kushukuru, maana kushukuru kwa kunong'ona mimi sikuweza tangu utotoni.

Jina langu Mwatima, mtu wa Msambweni, na kwa miaka tisa hapa Dubai nililala bedspesi. Asiyeijua nimweleze: chumba kimoja, wanawake wanane, vitanda vya juu na chini, na wewe umekodi kitanda tu, chumba si chako. Changu kilikuwa cha juu. Nilitundika leso iwe pazia, na nyuma ya leso ile ndiko nilikomlilia mamangu alipofariki, nimejiziba mdomo kwa mto kwa sababu dada wa kitanda cha chini alikuwa na zamu ya alfajiri. Miaka tisa sikuwahi kufunga mlango nikawa peke yangu. Hata chooni, hujakaa sawasawa, mtu anagonga.

Ndipo nikaajiriwa na Bi Arwa. Yeye ni mjane wa Kizanzibari, kakulia hapa hapa, na marehemu mumewe alimwachia uwanja wa karavani nyuma ya magodauni. Karavani, hizi nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari. Uwanja una nafasi ishirini na nne, kila moja na sakafu ya saruji, umeme na bomba. Wenye karavani wanakuja na watoto wao, wanachoma nyama, wanalala, wanalipa dirham mia na hamsini kwa usiku. Kazi yangu ilikuwa kusafisha vyoo na mabafu, na kupokea wageni. Mlinzi alikuwa Gerishom, Mluhya wa Vihiga, mtu wa kanisa, mpole, maneno yake yote ya siku nzima unayatia kwenye kikombe cha kahawa.

Siku ya kwanza Bi Arwa alinionyesha karavani kuukuu iliyoegeshwa karibu na geti. Imechubuka rangi, magurudumu yote yameisha pumzi. Akanipa ufunguo.

"Utalala humu," akasema. "Na usinipakie masizi ukutani."

Nikauliza, "Na nani mwengine, Bi Arwa?"

"Nani mwengine wa nini? Wewe."

Wallahi, jioni ile niliufunga mlango ule, nikaufungua, nikaufunga tena. Sijui mara ngapi. Mpaka Gerishom akaja mbio kutoka getini. "Dada, kuna shida?" Nikamwambia hakuna shida. Sikuweza kumweleza, nami si mtu wa kukosa maneno.

Sasa basi. Alhamisi mpaka Jumamosi uwanja ulikuwa unajaa. Lakini Jumapili mpaka Jumatano, karavani mbili, tatu, nafasi nyingine zote zimelala wazi. Na Bi Arwa ana mpwawe, Hashir, mtoto wa dadake, aliyezaliwa hapa hapa na kusomea biashara. Kiswahili chake kina Kiarabu kingi na Kiingereza kingi, Kiswahili chenyewe ni kama chumvi tu. Mwezi wa Novemba, mwaka elfu mbili na kumi na nne, alikuja na simu yake ya kupigia hesabu, akamwita mamake mdogo huyo kwa Kiarabu:

"Khala, huu uwanja unakula. Siku nne kila wiki unalipa taa, mlinzi na msafishaji, na hakuna mtu. Kuna kampuni inataka kuegesha makontena. Wanalipa mwaka mzima mbele. Khalas, basi, tufunge."

Bi Arwa akamjibu kuwa atafikiri mpaka mwisho wa Machi. Nami nilikuwa hapo napangusa dirisha. Kontena halina haja ya kusafishiwa choo. Uwanja ukifungwa, viza yangu inafutwa na karavani yangu inauzwa chuma chakavu. Kazi nyingine ningepata, Mungu hamtupi mja wake. Mlango ningeupata wapi?

Januari, siku ya Jumapili jioni, likaja gari kubwa kuukuu lenye nyumba mgongoni. Wakashuka mzee na mkewe, Wazungu, wamebabuka kwa jua. Stephen na Virginia. Wamevuka nchi chungu nzima kwa gari hilo, kesho wanaelekea Oman. Wakauliza bei. Nikawatajia mia na hamsini.

Stephen akacheka, lakini kwa uchovu. "Mama, sisi umeme tunao wetu juu ya paa. Saruji hatutaki, nyama hatuchomi. Tunataka mahali pa kufumba macho tu. Jana tulilala ufukweni, tukafukuzwa."

Wakageuza gari. Adhana ya Magharibi ndiyo inaadhiniwa. Mimi nimelelewa na nyanya aliyekuwa akisema mtu hageuzwi mlangoni Magharibi, hata awe nani. Na nyuma ya uwanja kuna mchanga mtupu, hauna saruji wala nguzo, mpana unatosha mpira kuchezwa. Mdomo wangu ukatoka mbele yangu.

"Njooni! Laleni pale nyuma. Karibuni."

Asubuhi waliondoka wameacha mchanga msafi na chupa moja ya jemu. Nikajiambia yamekwisha.

Kumbe! Wiki mbili baadaye yakaja magari matatu kwa mpigo. Dereva wa kwanza akatoa kichwa. "Mwatima yupo?" Akanionyesha simu. Virginia alikuwa ameandika kwenye ukurasa wa wasafiri wenzao: nyuma ya magodauni ya Al Qusais kuna mchanga, kuna mama anaitwa Mwatima, usiseme mengi, atakuambia karibu.

Na ndivyo nilivyosema. Ningesema nini? Kufika Februari, kila siku ya wiki nina magari sita, saba. Na hata mmoja sikumtoza. Hapa ndipo penye kosa langu, na mtu wa kwetu atanielewa. Ukishamwambia mtu karibu, huwezi kugeuka ukamtajia bei. Bei hutangulia. Karibu ikishatoka, bei imechelewa; ukiitaja ni kama kumnyang'anya mtu kikombe kilichofika mdomoni.

Gerishom alinionya. "Dada, hii kitu italeta shida. Madam akijua, ni khalas kwako na kwangu."

"Mchanga umelala bure siku zote, Gerishom."

"Mchanga ndiyo. Na maji?"

Akanikamata hapo. Maji yetu huletwa na lori, na maji machafu hunyonywa na lori jingine, na yote mawili hulipiwa. Kuanzia siku hiyo nikaanza kuwapimia maji kwa dumu, kila dumu naweka alama ya chaki nyuma ya mlango wa stoo. Nilijua siku itakuja.

Ikaja Jumanne moja asubuhi, mwisho wa Februari. Bi Arwa na Hashir wakaja bila kupiga simu. Siku hiyo, kwa bahati yangu, magari kumi na moja! Kamba za nguo zimefungwa gari hadi gari, chupi za watu zinapepea kama bendera za Maulidi.

"Nani hawa?" Hashir akauliza.

Bi Arwa alikuwa amesimama kwenye saruji, hataki kukanyaga mchanga kwa vile viatu vyake vya dhahabu. Mwanamke yule anapenda viatu kuliko wali.

"We Mwatima. Nakuuliza mie. Nani hawa?"

"Wageni, Bi Arwa."

"Unawatoza ngapi?"

"Bure."

Hashir akapiga kelele. Akasema kwa lugha zake zote tatu kwamba mimi nafuga watu kwa maji ya khala yake, kwamba kesho anakwenda kuifuta viza yangu. Lakini Bi Arwa alikuwa bado ananitazama kwa miwani yake myeusi.

"Kwa nini bure?"

"Nilishawaambia karibu, Bi Arwa. Ningeanzia wapi tena kutaja bei?"

Akamgeukia mpwawe. "Hilo nalo kweli," akasema. "Angeanzia wapi?"

"Khala! Hii ni biashara!"

"Najua ni biashara. Nakwambia tu kweli yake ni kweli."

Nikaona mlango mdogo umefunguka, nikatia mguu. Nikajikaza kisabuni, nikawapeleka stoo, nikawaonyesha chaki zangu. Nikamwambia Hashir, "Sir, nipige, lakini nisikilize kwanza. Gerishom analipwa, gari liwe moja au kumi. Taa zinawaka, mtu awepo asiwepo. Mchanga hauli kitu. Mgeni wa mchanga anatumia madumu mawili ya maji, basi. Ukijumlisha na lori la kunyonya, ni dirham tano kwa gari. Ukimtoza thelathini, ishirini na tano zinabaki, na jana hazikuwepo."

Akatikisa kichwa. "Na wale wa mia na hamsini wakisikia kuna thelathini? Wote watahamia mchangani. Rahisi itaua ghali."

"Haiui, kama rahisi ni rahisi kweli! Mchangani hakuna umeme. Baba wa watoto wanne atakubali kulala bila kipoza hewa? Na tuseme mchanga ni Jumapili mpaka Jumatano peke yake. Alhamisi hakuna. Mtu alale, saa sita mchana awe ametoka."

"Na mtu akikaa mwezi?"

Bi Arwa akadakia. "Mgeni siku mbili," akasema.

"Ya tatu mpe jembe," nikamalizia.

"Basi ni siku mbili," akasema. "Ya tatu alipe mia na hamsini au aende zake."

Hashir akatutazama mmoja mmoja kama tumeingia wazimu pamoja. Lakini ni mtu wa hesabu, na hesabu alikuwa ameisikia. Akaweka sharti moja. Mwezi wa Machi, mchanga ule uingize dirham elfu nne. Ukiingiza, makontena yatafute kwengine. Usipoingiza, khalas, na asisikie neno lolote kutoka kwangu.

"Haya," Bi Arwa akaniambia, "nenda sasa kawatajie bei. Wewe ndiye uliyewakaribisha."

Lo! Nimeshafua matapishi ya watu, nimeshazibua vyoo kwa mkono, lakini kazi ngumu kama ile sijaifanya. Nilikwenda gari kwa gari, uso umenivimba kwa aibu. Gari la kwanza ni kijana na mkewe. Nikawaambia, sikuinua macho. Yule mke akashika kifua. "Alhamdulillahi," akasema, kumbe ni Mturuki. "Tulikuwa tunaona haya. Kila siku tunajiuliza tukupe nini." Wawili walinuna wakaondoka mchana ule ule, na mmoja alibishana nami ishirini, ishirini, mpaka nikamwambia hata sokoni Kongowea hawabishani hivyo, naye akaondoka. Wanane waliobaki wakalipa. Nilirudi nimezishika noti zile, machozi yananitoka, na Hashir akidhani nimelia kwa sababu ya fedha.

Machi ikaanza vizuri. Magari saba, manane, kila mmoja ananilipa getini kwanza, kisha ndipo namwambia karibu. Nilijifunza mpangilio. Na mashine zetu za kufulia, zilizokuwa zimelala siku za wiki, zikawa zinazunguka. Lakini katikati ya mwezi ukapiga upepo wa mchanga siku tatu, gari halikuja hata moja. Tarehe ishirini na tano nikahesabu, nikahesabu tena. Hatufiki. Kwa mwendo ule tutaishia elfu tatu na mia sita, zikijaa sana.

Ndipo Gerishom akaniletea maneno yake ya kikombe cha kahawa.

"Dada, kuna msichana wa kanisa yetu, Metrine. Anafanya hoteli kule Garhoud, anatandika vitanda. Mama yake anakuja kumwona, siku tano. Miaka sita hawajaonana. Yeye anakaa bedspesi, wasichana kumi. Hoteli hawezi. Anauliza kama huku kuna pahali ya bei ndogo."

"Wana gari?"

"Gari watoe wapi?"

Nilikaa kitako kwenye ngazi ya karavani yangu. Binti anatandika vitanda thelathini kwa siku na hana kimoja cha kumlaza mamake. Na mimi mamangu alikufa sijampa hata siku moja ya kulala Dubai, kwa sababu ningemlaza wapi, nyuma ya leso? Nikautazama ufunguo mkononi. Nilijua thamani yake kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana niliweza kuutoa.

"Mwambie mia kwa usiku," nikasema. "Ndani kuna jiko na feni. Aje."

Mama Yuliana akaja na Metrine, amevaa sweta kwenye joto lile. Mimi nikahamia chumba cha kufulia na mkeka wangu. Jioni ya kwanza nawasikia mama na binti wanacheka mle ndani, kwa lugha yao, wamefunga mlango. Sikuelewa neno, lakini nilishiba.

Siku ya tatu nikatoka alfajiri, namkuta Mama Yuliana yuko nje, amefunga kanga kiunoni, anaomba jembe.

"Jembe la nini, mama? Umelipa!"

"Nimekaa siku tatu," akasema. "Mimi si mtu wa kukaa bure."

Gerishom akamtafutia koleo. Akalima kishamba kidogo karibu na bomba la getini, mahali maji huvuja, akapanda mbegu za mboga alizozifunga kwenye pindo la kitambaa tangu kwao. Niambie, nani anasafiri na mbegu? Siku ya tano akanishika mikono yote miwili, akaniombea kwa Mungu wake, nami nikaitikia amina kwa Mungu wangu, na nadhani zilifika mahali pamoja.

Siku ya mwisho ya Machi, Bi Arwa na Hashir wakaja. Nilikuwa tayari na sanduku la fedha na daftari. Elfu nne na mia moja. Hashir akahesabu, akanitazama, akahesabu tena. Nikaona anataka kutabasamu lakini anajizuia.

Lakini Bi Arwa alikuwa amesimama kwenye bomba. "Nani kalima hapa?"

"Mgeni, Bi Arwa. Ilikuwa siku yake ya tatu."

"Ya tatu? Mchangani si mwisho siku mbili?" Akavua miwani. Bi Arwa akivua miwani, jihadhari. "Huyo mgeni wa siku ya tatu kalala wapi?"

Kabla sijaufungua huu mdomo wangu, Hashir alikuwa tayari anasoma daftari kwa sauti: "Karavani ya getini, siku tano, mia, mia, mia..."

"Na wewe ukalala wapi?"

"Chumba cha kufulia. Pazuri, Bi Arwa, mashine zina joto."

"Ala!" Akapiga mguu chini, na kiatu cha dhahabu kikazama kwenye tope la mboga, asikitazame. "Miaka tisa umelala nyuma ya leso. Nimekupa mlango ufunge, nawe umeukodisha! Nani kakwambia? Hashir, futa hizo mia tano."

"Khala, nikizifuta hawafiki. Itakuwa elfu tatu na mia sita."

"Futa!"

Akafuta. Nikaisikia kalamu inakwaruza karatasi. Nikajua yamekwisha, makontena yaje. Wala sikumlaumu. Nikainama kumsafisha kiatu Bi Arwa kwa upindo wa leso yangu, nikamwambia, "Ahsante kwa mlango, Bi Arwa. Nimeufaidi." Na nilisema kweli yangu yote. Gerishom akageuza uso.

Hashir hakuondoka. Alikuwa bado amelikodolea daftari macho.

"Ngoja," akasema. "Siku tano mfululizo, mia kila siku. Kwa hii karavani mbovu? Bila tangazo?"

"Ndiyo, sir."

"Nani alilipa?"

"Mtu anayefanya kazi hoteli. Mamake alikuja kumwona, hana pa kumlaza."

"Watu kama hao wako wangapi?"

Nikainua kichwa. Nikamtazama yule mtoto aliyezaliwa na chumba chake. "Sir, mji mzima. Zunguka hapa Al Qusais, gonga mlango wowote. Kila kitanda kina mama."

Akatoa simu, akabonyeza, akabonyeza. Akatembea mpaka kwenye zile nafasi zilizolala wazi, akahesabu kwa kidole. Kisha akarudi.

"Khala, karavani kuukuu zinauzwa bei ya bure kule Sharjah. Tukiweka nne, na mchanga ukaendelea..." Akakohoa. "Makontena wanaweza kungoja."

"Wangoje mpaka wazee," Bi Arwa akasema. "Nunua nne. Lakini hii ya getini ni ya Mwatima. Haikodishwi, hata aje mfalme." Akanyoosha mkono kwangu, akaniinua pale chini. "Na wewe inuka, unanichafulia kiatu zaidi."

Walipoondoka nilikwenda chumba cha kufulia, nikachukua mkeka wangu. Karavani ilikuwa inanukia sabuni. Mama Yuliana alikuwa ameipiga deki kabla ya kwenda. Nikaingia. Nikafunga mlango. Nikaufungua, nikaufunga tena, na nikasikia viatu vya Gerishom vinakuja mbio kwenye saruji.

"Dada, kuna shida?"

"Hakuna shida," nikamjibu kutoka ndani, na safari hii maneno nilikuwa nayo. "Nafunga mlango wangu."